Mtoto Ana Selimundu: Nani Katenda Dhambi?



Juni na Julai hapa Songea baridi haina utani. Ukitoka Misa ya asubuhi Mjimwema unakuta watu wamejifunga vitenge juu ya masweta, na watoto wa shule wanatembea mikono ikiwa mifukoni. Kwa wengi wetu ni usumbufu wa saa chache tu, jua likipanda tunasahau. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu ni habari nyingine. Baridi ni moja ya mambo yanayoweza kumwamshia maumivu makali ya mifupa, ya mgongo au ya kifua, maumivu ya kumlaza hospitali. Na katikati ya baridi hiyo ipo tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani.

Naomba tutumie nafasi hii kutafakari swali moja: mtoto akizaliwa na ugonjwa kama huu, nani ana hatia?

Swali la zamani

Tusidanganyane, swali hili tunaliuliza. Tunaliuliza jikoni, tunaliuliza misibani, hata njiani tukitoka jumuiya. Mtoto anavimba vidole, macho yanakuwa ya njano, anapungukiwa damu, analazwa, anatoka, analazwa tena. Muda ukipita watu wanaanza kunong'ona. Mmoja atasema huu si ugonjwa wa hospitali, hapa kuna mkono wa mtu. Mwingine atauliza eti mama yake aliishije ujanani. Mwingine, anayejiona ana imani kali kuliko wote, atasema ni laana ya ukoo na lazima ivunjwe. Ndugu wa baba watasema damu mbaya imetoka kwa mama. Na mama mwenyewe, ambaye hajalala wiki nzima, anabaki anajitetea mbele ya watu waliopaswa kumletea uji.

Wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyo hivyo. Soma Injili ya Yohane sura ya 9. Wanapita njiani, wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na kabla hata ya kumsalimia wanataka kujua dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi wake. Angalia walivyolipanga swali: hatia lazima ipo, kazi iliyobaki ni kumtaja mwenye nayo. Yesu anakataa majibu yote mawili. Si yeye, wala si wazazi wake. Kisha anatema mate chini, anafanya tope, anampaka machoni na kumtuma akanawe Siloamu.

Kuna sehemu ya sura hiyo ambayo mara nyingi tunaipita haraka. Baada ya mtu yule kupona, wakubwa wa dini wanawaita wazazi wake wahojiwe. Wazazi wanaogopa. Wanajibu kwa tahadhari, wanasema mwulizeni mwenyewe, ni mtu mzima. Yaani hata siku ambayo mtoto wao ameona jua kwa mara ya kwanza, wao bado wako kwenye kiti cha washitakiwa. Nadhani wazazi wengi wa watoto wenye selimundu wanakijua kiti hicho.

Katika falsafa tulisoma kwa Aristotle kwamba neno "sababu" lina maana zaidi ya moja. Unaweza kuuliza kitu kimetengenezwa kwa nini, kina umbo gani, nani amekifanya, na kipo kwa ajili gani. Ni maswali manne, na kila moja lina jibu lake. Kwa Kiswahili sote tunasema "sababu", na tukishasema hivyo upesi tunarukia swali la "nani kasababisha", kama vile kila jambo lazima lina mtu nyuma yake. Hoja yangu leo ni hii: kutafuta sababu ya ugonjwa ni kazi moja, kutafuta mwenye hatia ni kazi nyingine kabisa. Anayezichanganya anakosea kiakili, na mara nyingi anakosea pia dhidi ya upendo. Ili tuone tofauti hiyo kwa macho, twende kwanza ndani ya damu, halafu twende Muhimbili.

Kilichomo ndani ya seli

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za kijana mmoja, mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyetoka kisiwa cha Grenada. Katika damu ya kijana yule, chini ya hadubini, zilionekana seli nyekundu zenye umbo la mundu. Ndiyo asili ya jina. Seli nyekundu ya kawaida ni ya mviringo, imebonyea katikati, laini, inapinda na kupita hata kwenye mishipa myembamba sana. Seli ya mundu inakakamaa. Inanasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti vizuri, na sehemu iliyokosa hewa inauma. Seli ya kawaida inaishi siku 120 hivi. Seli ya mundu inaishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana mgonjwa anapungukiwa damu na macho yanakuwa ya njano.

Mwaka 1949 Mmarekani Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo liko kwenye hemoglobini yenyewe, ile protini inayobeba hewa ndani ya seli nyekundu. Waliuita ugonjwa wa molekuli. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kufuatiliwa hadi kwenye molekuli moja. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, Uingereza, alionyesha tofauti yenyewe iko wapi. Mnyororo mmoja wa hemoglobini umeundwa na vipande 146, na katika wagonjwa hawa ni kipande kimoja tu, cha sita, ambacho kimebadilika. Nyuma ya kipande hicho kuna herufi moja ya DNA iliyobadilika, kati ya herufi takriban bilioni tatu.

Hapo nasimama kidogo. Herufi moja. Utafute humo ndani mkono wa jirani, hutauona. Utafute dhambi ya ujana ya mama, hutaiona. Sayansi haijafuta fumbo la mateso, na tutalirudia. Lakini imetuonyesha kwamba mtu tuliyekuwa tunamtafuta ili tumlaumu hakuwepo.

Mwanamke aliyeandika majina

Sasa Muhimbili. Profesa Julie Makani ni Mtanzania, amezaliwa mwaka 1970, akasoma shule ya msingi Arusha na udaktari Muhimbili, alikohitimu mwaka 1994. Akaenda London kwa masomo ya juu ya tiba, kisha akafanya utafiti na Chuo Kikuu cha Oxford. Angeweza kubaki huko, maabara zilikuwepo na kazi ilikuwepo. Alijenga kazi yake Dar es Salaam, na mwaka 2004 wagonjwa wa selimundu wakaanza kuandikishwa Muhimbili katika mpango wa kuwafuatilia mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Mwaka 2011 alipewa tuzo ya Royal Society Pfizer kwa kazi hiyo.

Unaweza kujiuliza, mbona hakuanza na mambo makubwa ya molekuli? Jibu ni kwamba molekuli ilikuwa imeshajulikana kwa zaidi ya miaka 50. Kilichokuwa hakijulikani ni watoto wetu. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka Tanzania, na nchi yetu ni miongoni mwa zenye idadi kubwa zaidi duniani. Wengi walikuwa wanafariki wakiwa wadogo, na nyumbani ikasemwa ni malaria, ni degedege, ni mkono wa mtu. Mtu ambaye hajaandikwa popote hakuna anayejua kilichomwondoa.

Kati ya mwaka 2004 na 2009 timu ya Makani iliwafuatilia wagonjwa 1,725. Walipochapisha matokeo mwaka 2011, moja ya mambo yaliyoonekana wazi ni kwamba vifo vilikuwa vingi zaidi kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Hilo likisikika linaonekana dogo, lakini ndilo linaloelekeza wapi pa kuweka nguvu: mpime mtoto mapema, mpe penisilini ya kumkinga na maambukizi, mchanje, mkinge na malaria, mfundishe mama kupapasa tumbo ajue bandama ikivimba. Timu hiyo pia ilionyesha kwamba mgonjwa wa selimundu hapati malaria mara nyingi kuliko wengine, ila akiipata akalazwa, inakuwa ya hatari sana.

Naipenda kazi hii kwa sababu naona Injili ndani yake, hata kama makala za kitabibu hazitaji Injili. Mchungaji mwema anawajua kondoo wake kwa majina. Kuandika jina la mtoto kwenye daftari, kumpimia damu, kumpangia tarehe ya kurudi, na asipokuja kumtafuta, ni namna ya kusema huyu mtoto ni mtu, akipotea tutajua. Hapo ndipo nilipoona tofauti ninayoisema. Anayetafuta mwenye hatia akishampata amemaliza kazi, anakaa chini. Anayetafuta sababu akiipata ndiyo kwanza kazi inaanza.

Kinasaba kilichookoa wengi

Sasa nirudi kwenye fumbo, maana kijana anayefikiri ataniuliza: sawa, hakuna aliyeroga, hakuna aliyelaaniwa, lakini Mungu mwema aliiacha vipi herufi hiyo ibadilike?

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alishiriki safari ya utafiti nchini humo na kuchukua damu za watu wa makabila mbalimbali. Akagundua jambo la ajabu. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbu wengi, wenye kinasaba cha selimundu walikuwa wengi. Kwenye nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: mtu aliyerithi kinasaba hicho kutoka kwa mzazi mmoja tu anakuwa na kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Haumwi selimundu, na malaria haimuui kirahisi utotoni. Shida inakuja kwa aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili.

Kumbe basi kinasaba hiki kimewavusha utotoni mababu wengi wa Afrika Mashariki. Huenda wewe unayesoma upo kwa sababu bibi mmoja wa zamani alikuwa nacho. Mtakatifu Augustino, na baada yake Mtakatifu Thoma wa Akwino, walifundisha kwamba uovu si kitu chenye kusimama peke yake, bali ni upungufu wa wema uliopaswa kuwepo. Selimundu inanisaidia kuwaelewa. Ndani ya seli hakuna "kitu kiovu" kilichopandikizwa. Kuna kinasaba ambacho kikiwa kimoja kinalinda, kikiwa viwili seli inakosa ulaini wake. Tunachokiita uovu hapa ni ule ulaini unaokosekana, na hewa isiyofika mahali inapohitajika.

Lakini hapa naomba tuwe waangalifu sana. Usichukue maelezo haya ukampelekea mama aliyekaa kando ya kitanda. Usimwambie mwanao anaumia ili wengine wapone malaria. Hayo ni makosa. Mtoto hakuumbwa awe gharama ya afya ya wengine, na Mungu hafanyi biashara ya namna hiyo. Maelezo yanaitosheleza akili, hayamtulizi mtoto anayelia saa nane usiku. Yesu naye hakumpa yule kipofu somo kuhusu asili ya upofu. Alishika tope. Kama huna la kufanya kando ya kitanda, kaa kimya, shika mkono, leta maji ya kunywa. Fumbo la mateso Kanisa limelibeba miaka 2,000 likimtazama Msulubiwa, na halijawahi kudai kwamba limelimaliza kwa maneno.

Lawama iliyovaa koti jeupe

Kuna hatari nyingine, na hii inatuhusu sisi tuliosoma kidogo. Tunaweza kuacha kusema "umerogwa" tukaanza kusema "damu yenu ni mbaya". Lugha ni ya maabara, lakini lawama ni ile ile ya zamani.

Hesabu yenyewe inakataa lawama hiyo. Misingi yake iliwekwa na mtawa wetu, Gregor Mendel, Mwaugustino wa Brno, aliyechapisha kazi yake mwaka 1866 baada ya miaka ya kupanda njegere kwenye bustani ya monasteri. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kinasaba, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Mwenye AA hana kinasaba cha selimundu. Mwenye AS amebeba kimoja, yeye ni mzima. Mwenye SS anaumwa. Mtoto hawezi kuwa SS bila kupokea S kutoka kwa baba na S kutoka kwa mama. Kwa hiyo shangazi anayesema damu mbaya imetoka kwa mkamwana wake, ajue nusu imetoka kwenye ukoo wake mwenyewe. Na hakuna aliyeichagua. Nilirithi kama nilivyorithi pua yangu.

Wakiwa wazazi wote wawili ni AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa SS, mbili kati ya nne ya kuwa AS, na moja kati ya nne ya kuwa AA. Nasema kila mimba. Si kwamba mtoto mmoja akishaumwa basi watatu wanaofuata wako salama. Kila mimba hesabu inaanza upya.

"Frateri, tuachane?"

Swali hili vijana wa VIWAWA wananiuliza, wengine kwa ujumbe wa simu usiku. Wamependana, wamekwenda kupima, wote wawili AS. Nyumbani wanaambiwa waachane. Kanisani wanasikia ndoa ni wito. Wafanyeje?

Nianze na ambayo Kanisa limeyasema wazi. Kuwa AS si kizuizi cha ndoa, na hata kuwa SS si kizuizi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1058, inasema wanaoweza kufunga ndoa ni wote ambao sheria haijawazuia, na hakuna sheria inayozuia kwa ajili ya vinasaba. Mwaka 1930, wakati nchi kadhaa zilikuwa zinatunga sheria za kuwazuia watu "wenye kasoro" kuoa na hata kuwafunga uzazi, Papa Pius XI katika waraka wa Casti Connubii alikataa. Alikubali kwamba mara nyingi ni vema kuwashauri wasioane wale wanaotazamiwa kuzaa watoto wenye kasoro, lakini hawatendi kosa wakioana. Kwa hiyo ushauri upo. Amri haipo.

Maana yake maamuzi ni yenu, na fadhila inayohitajika hapa inaitwa busara. Busara si woga, wala si kujitupa tu ukisema Mungu atajua. Busara inatazama ukweli wote kisha inachagua mema yanayowezekana. Basi pimeni mapema, kabla mahari haijapelekwa na kadi za michango hazijachapishwa, maana shinikizo likishakuwa kubwa hakuna anayeamua kwa uhuru. Ambianeni ukweli. Anayejua majibu yake akamficha mwenzake ili apate ndoa anacheza na jambo zito, na kanuni ya 1098 inazungumzia ndoa iliyofungwa kwa hila. Ulizeni: kituo cha afya chetu kinaweza nini? Dawa zinapatikana? Tuko tayari kumlea mtoto anayeumwa bila kunyosheana vidole hata siku moja? Wapo watakaotafakari haya na kuachana kwa amani, wakiwa hawajakosa imani. Wapo watakaooana, wakiwa hawajakosa akili. Sitawachagulia. Nitawaombea na kuwasindikiza.

Yapo mambo ambayo hayawezi kuwa sehemu ya busara hiyo. Kupima mtoto tumboni ili akiwa SS atolewe, hapana. Kutengeneza viinitete maabara, kuchagua kimoja na kuvitupa vingine, hapana. Hapo tumerudi kutafuta mwenye hatia, na safari hii tumemhukumu mtoto mwenyewe. Daktari Jérôme Lejeune wa Ufaransa, mmoja wa waliogundua mwishoni mwa miaka ya 1950 kromosomu ya ziada inayoleta ugonjwa wa Down, alihuzunika kuona ujuzi huo ukitumika kuwawinda watoto aliotaka kuwatibu. Mwaka 2021 Kanisa limemtangaza kuwa Mheshimiwa. Ujuzi ni mzuri, ila unahitaji moyo wa kuuongoza.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa na SS, maana najua wapo: makala hii haikuhusu kama tatizo la kuepukwa. Wewe si kosa la hesabu la wazazi wako. Mungu alikupenda kabla maabara haijakuandikia herufi mbili.

Kazi inaendelea

Tumaini lipo, na nalisema bila kutia chumvi. Dawa ya haidroksiyurea iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Watu walijiuliza kama itafaa Afrika, kwenye malaria na lishe duni. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, watoto 606 wakapewa dawa hiyo. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Aliyetangulia kwenye orodha ya waandishi wa utafiti huo ni Mkongo, daktari Léon Tshilolo.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayotumia mkasi wa kimolekuli uliowapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Seli za mgonjwa mwenyewe zinachukuliwa, vinasaba vyake vinarekebishwa, kisha anarudishiwa. Je, Kanisa linakataa? Hapana. Hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008 inafundisha kwamba tiba ya vinasaba kwenye seli za kawaida za mwili, yenye lengo la kuponya, kimsingi ni halali. Inachokataa kwa hali ilivyo ni kubadilisha vinasaba vitakavyorithiwa na vizazi vijavyo, kwa hatari zilizopo. Swali gumu kwetu liko kwingine. Bei ya tiba hiyo ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa wengi zaidi wako Afrika, na tiba iko mbali nao. Hapo sasa ukiuliza "nani ana hatia" umeuliza vizuri, kwa sababu hilo halikutokana na herufi ya DNA. Hilo ni letu sisi wanadamu.

Wewe na mimi hatuna dola milioni 2.2. Tunayoyaweza ni haya. Jitolee damu, wengine wanaishi kwa hiyo. Ukisikia kwenye jumuiya mtu anaanza habari za mkono wa mtu, usicheke wala usinyamaze, mweleze kwa heshima habari ya baba na mama kila mmoja kuchangia. Mwenzako mwenye selimundu akiwa mazoezi ya kwaya, mkumbushe maji, mpe sweta, usimwite mvivu akisema amechoka. Mtoto akiugua mara kwa mara, mpeleke mama kituo cha afya, mimi si daktari, wao ndio watakaompima. Na ukiwa shuleni unapenda baiolojia, endelea. Kanisa linahitaji mapadre na watawa, na linahitaji pia watu wa hadubini.

Yule aliyezaliwa kipofu alipohojiwa hakuweza kueleza mengi. Alijua jambo moja tu, kwamba alikuwa haoni na sasa anaona. Wapo watoto Tanzania leo wenye umri wa kwenda sekondari ambao zamani wasingefika miaka mitano. Hawajui majina ya Allison wala Ingram. Wanajua kwamba walikuwa wanalazwa kila mwezi, na sasa wanakwenda shule.

Tusali. Ee Bwana Yesu, uliyekataa kumhukumu aliyezaliwa kipofu wala wazazi wake, ponya ndimi zetu na lawama. Wape nguvu wenye selimundu katika baridi hii. Waangazie madaktari na watafiti. Wape vijana wanaojiandaa na ndoa ukweli na amani. Na utupe sisi mikono isiyoogopa tope. Amina.

Mtakatifu Luka, mwinjili na tabibu, utuombee.